Mgongo, Mikono na Mfuko Wetu wa Jamii
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Mfuko wa Jamii siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Wenzetu wa mikopo wameshasoma taarifa yao, na mweka hazina ametupa hesabu mpaka shilingi ya mwisho, kwa hiyo sisi wa Kamati ya Mfuko wa Jamii hatutarudia mambo ya hisa. Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya afya. Tungeweza kusema juu ya vyandarua au maji ya kuchemsha, lakini hayo mmeyasikia tangu mkiwa shuleni. Tumechagua mgongo. Tumeuchagua kwa sababu, ukiacha misiba, hakuna jambo lililochukua fedha ya mfuko wetu kama mgongo. Na tena kwa sababu kuna kosa tulilolifanya juu ya mgongo wa mwenzetu, ambalo halikuandikwa katika muhtasari wa kikao chochote. Leo tunataka liandikwe katika kijitabu hiki.

Hebu tuanze na hali ilivyo. Huku mlimani nani asiyejua mzigo wa majani ya ng'ombe? Unashuka tambarare alfajiri, unakata, unafunga, unajitwisha, unapanda nao kilima. Ukifika unateka maji. Jumatano na Jumamosi ni mkungu wa ndizi kichwani mpaka sokoni. Halafu unasikia eti mwanamke analalamika kiuno kwa sababu ya uvivu! Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani mtu 1 katika kila 13, na wanawake wanaumwa zaidi kuliko wanaume. Basi hatuko peke yetu, ingawa kujua hivyo hakumpunguzii mtu maumivu saa nane ya usiku.

Na dawa yetu ya kwanza sote tunaijua: mikono. Tuna mama mchuaji katika kijiji hiki ambaye karibu kila mmoja aliyeketi hapa amepita mikononi mwake, wengine tukiwa na siku tatu tangu kuzaliwa. Anapasha mafuta, anapapasa, anatafuta mahali palipokaza, anakanda mpaka unahema. Unaondoka umenyooka. Katiba yetu ya mwaka 2014 iliweka kipengele juu ya jambo hilo, na tulikipigia makofi: mwanachama mwenye maumivu ya mgongo au viungo atalipiwa kuchuliwa shilingi 5,000 kila mara, na mwanachama atakayelazwa hospitali atapewa shilingi 50,000. Sikilizeni vizuri maneno hayo mawili, kuchuliwa na kulazwa. Kati ya hayo hatukuweka kitu.

Mwezi wa pili mwaka 2019 mwenzetu mmoja alikuja kwetu akisema mgongo unamsumbua katikati, chini kidogo ya mabega. Ametupa ruhusa tuseme, na yuko hapa nasi. Tulimpeleka kwa mama mchuaji siku hiyo hiyo. Akapata nafuu siku mbili, maumivu yakarudi. Tukamrudisha. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, na sisi tukilipa kwa moyo mweupe, tena tukijisifu kwamba kikundi chetu kinajali. Alipungua mwili, tukasema ni mawazo, maana mume wake alikuwa mbali. Jioni alikuwa akitetemeka na kutoka jasho usiku. Tukasema ni malaria, akanunua dawa dukani. Alianza kujifunga kanga mara mbili kiunoni ili gauni lisimdondoke, na hilo pia tuliliona kwa macho yetu, tukacheka naye.

Mwezi wa sita mama mchuaji alitujia. Alisema, "Jamani, mgongo huu si wa mikono yangu. Kuna kinundu mahali ambapo hakipaswi kuwapo. Mpelekeni hospitali." Na sisi kamati tulimjibu nini? Tulimwomba aendelee kidogo. Tulisema katiba hairuhusu kutoa nauli na fedha ya picha kwa mtu ambaye hajalazwa, na kwamba tungeleta hoja kwenye mkutano mkuu wa mwezi wa kumi na mbili. Tulikuwa tunalinda fedha ya kikundi. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Mwezi wa nane, siku ya kuweka hisa, mwenzetu alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango huu mnaouona. Alisema miguu haimsikii. Tulikodi gari siku ile ile. Picha ya eksirei ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimelika, na vipimo vilivyofuata vikathibitisha kwamba ni kifua kikuu cha mifupa. Ndiyo, jamani, kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo bila hata kikohozi, kikala pingili polepole mpaka zikabana uti wenyewe unaopeleka habari miguuni. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali zetu za serikali, lakini kwa mifupa humezwa kwa miezi mingi kuliko ya mapafu. Yeye alimeza mwaka mzima.

Tulikwenda kuangalia kitabu. Tulikuwa tumelipa kuchuliwa mara 23, jumla shilingi 115,000. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na picha ile ya kwanza isingefika nusu ya hapo.

Sasa, mmeona kwenye ratiba neno geni "osteopathia", na wengine mmetuuliza asubuhi kama ni jina la ugonjwa. Hapana. Ni jina la tiba ya mikono iliyoanzia Marekani, na tumelileta kwa sababu ndilo lililotufungua macho. Mwaka 2022 binti wa mwanachama mmoja anayefanya kazi Uingereza alikuja likizo. Naye alikuwa ameumwa kiuno huko, akatibiwa na mtaalamu wa tiba hiyo. Tulimwuliza kwa shauku, mtu huyo alikukandaje? Akasema, "Mama zangu, kabla hajanigusa aliniuliza maswali karibu nusu saa." Aliulizwa kama amepungua uzito bila sababu. Kama ana homa au jasho la usiku. Kama maumivu yanazidi anapolala badala ya kupungua. Kama amewahi kuugua saratani au kifua kikuu. Kama mkojo unamtoka au unakataa, kama ana ganzi kwenye mapaja ya ndani. Akaambiwa asimame kwa vidole, atembee kwa visigino, akagongwa goti kwa kinyundo. Yote yakaandikwa. Ndipo mikono ikaanza.

Mwenzetu alikuwa ameketi hapo na fimbo yake. Alisema kwa sauti ya chini, "Mimi sikuulizwa hata moja." Na katika maswali yale, matatu jibu lake lingekuwa ndiyo.

Tangu siku hiyo kamati ilianza kuulizia habari za tiba hiyo, na mnesi wetu mstaafu akatusaidia kusoma. Mwanzilishi wake ni Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828 akafariki mwaka 1917. Alikuwa tabibu wa mashambani. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilichukua watoto watatu nyumbani kwake, na dawa zote alizozijua hazikufua dafu. Tukumbuke dawa za wakati ule zilikuwa za namna gani: waganga wa Marekani waliwapa wagonjwa hata zebaki. Akakata tamaa na dawa, akaanza kutafuta uponyaji katika mifupa, misuli na mzunguko wa damu. Mwaka 1874 alitangaza njia yake mpya. Wakamcheka. Alizunguka miji akijitangaza kuwa muunga mifupa, kazi ambayo hata hapa kwetu ina wenyewe. Mwaka 1892 alifungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, jimbo la Missouri, na katika darasa la kwanza kabisa alipokea wanawake. Hilo tulilipenda, hatufichi.

Lakini mzee huyo alikosea mahali pakubwa. Aliona kana kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na mifupa na viungo kukaa vibaya, na kwamba mikono ingetosha. Mikono haiui vijidudu. Dawa za kutibu kifua kikuu zilianza kupatikana miaka ya 1940, yeye akiwa ameshalala kaburini, na hakuna mkono wa mtu yeyote, wa Kirksville au wa kijiji hiki, ungemponya mwenzetu. Waliomfuata waliliona hilo. Leo kule Marekani mtu aliyehitimu osteopathia ni daktari kamili, anaandika dawa na kupasua kama madaktari wengine, na wengi wao mikono wanaitumia kwa nadra. Uingereza ni tofauti: huko ni mtaalamu wa tiba ya mikono tu, si daktari, lakini kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1993 mtu hawezi kujiita jina hilo bila kuandikishwa kwenye baraza lao. Ukijiita bila kuandikishwa ni kosa mbele ya sheria.

Tunalisema hilo kwa sababu mwaka jana alipita mtu sokoni na bango lenye jina hilo hilo la osteopathia na picha ya mifupa. Akataka kikundi kimlipie wanachama 30 kwa mpigo, kwa bei ya punguzo! Tulimwomba cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, au cha baraza lolote lile. Alisema atakileta kesho. Tunamngoja mpaka leo.

Je, tiba yenyewe inafanya nini? Kwa kadiri tulivyoelewa, mtaalamu hukanda misuli, hunyoosha, huzungusha kiungo polepole mpaka kilegee, au humwambia mgonjwa asukume dhidi ya mkono wake kisha apumzike. Mara nyingine husukuma kiungo ghafla kikalia "ka!" Hapo ndipo watu hushangilia, wakidhani mfupa umerudi mahali pake. Sivyo. Ndani ya kiungo mna maji mazito, na shinikizo likibadilika ghafla hutokea povu la hewa. Ndiyo sauti ileile ya vidole mnavyovivunja mkiwa kanisani. Mfupa ulikuwa mahali pake tangu mwanzo. Nafuu inatoka kwingine: misuli inalegea, mishipa ya fahamu inatulia, na mtu anayeogopa kuinama anapata ujasiri wa kuinama. Pengine hilo la ujasiri ndilo kubwa kuliko yote, maana mgongo usiochezeshwa unazidi kukaza.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo wa chini ya muda mrefu yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Kati ya mambo linayosema yanaweza kusaidia limo zoezi, limo kuchua, limo kusukuma pingili kwa mikono kunakofanywa na mtaalamu, na kumwelimisha mgonjwa mwenyewe. Basi mama yetu mchuaji hakuwa akitupotezea muda. Nafuu hiyo si kubwa wala si ya milele, bali ni nafuu, na kwa mtu anayeamka kukata majani nafuu ya wiki mbili si haba. Kwa upande mwingine mwongozo huo unashauri mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida. Wale mlionunua ile mikanda ya machinga kwa shilingi 25,000, poleni. Mmoja wetu sisi wanakamati anayo miwili.

Kwa maneno mengine, maumivu mengi ya mgongo, tena mengi sana, ni haya ya kawaida ambayo mikono, mwendo na subira vinayaweza. Machache sivyo. Shida ni kwamba yote yanaanza kwa neno moja, "mgongo unaniuma," na mkono hauwezi kuyatenganisha usipouliza kwanza. Shingo ndiyo tunaiogopa zaidi. Kuikata ghafla, kama vinyozi wanavyowafanyia vijana wetu, kwa nadra kumechana mshipa wa damu unaopanda kichwani na kuleta kiharusi. Mzee mwenye mifupa iliyolegea asisukumwe kwa nguvu. Tumbo la mjamzito lisikandwe ili "kumgeuza mtoto". Hilo tulishalizungumza na mama mchuaji, naye ameliacha.

Tuseme neno juu yake, kwa sababu kulikuwa na maneno mengi vichochoroni mwaka ule. Wako waliosema yeye ndiye aliyemvunja mwenzetu mgongo. Si kweli, na daktari alisema si kweli. Yeye alikuwa wa kwanza kusema basi, na sisi ndio tuliomwambia endelea. Katika watu wote waliohusika, mwenye mikono alijua mwisho wa mikono yake, wenye kalamu hawakujua mwisho wa kalamu yao. Tunamwomba radhi mbele ya mkutano huu, na tunamwomba radhi mwenzetu na familia yake. Tulishawaendea nyumbani, lakini kosa lililofanywa kwa jina la kikundi liombewe radhi mbele ya kikundi.

Mwenzetu leo anatembea, kwa fimbo. Mgongo umebaki na kibiongo kidogo. Alipomaliza dawa alipelekwa kwa wataalamu wa fiziotherapia, nao pia ni watu wa mikono, jamani, ila mikono yao inaongozwa na picha na vipimo. Wanafundishwa karibu kabisa nasi, pale KCMC mjini Moshi, na wengi wetu hatukujua. Walimfundisha kuinuka kitandani, kupanda ngazi, kusimama bila kushika meza. Ilikuwa kazi ya miezi. Hatabeba majani tena. Alichukua mkopo wa kuku, ameurejesha kwa wakati, na mayai mliyokula asubuhi yalitoka kwake.

Tunakuja kwenye hoja yetu, ambayo Mwenyekiti ameahidi kuifikisha kwenye kura baada ya chakula. Kipengele cha kuchuliwa kisifutwe. Wako wanaotaka kifutwe, sisi hatukubaliani nao, kwa sababu mikono ndiyo tiba iliyo karibu na inawasaidia wengi. Tunaomba kibadilishwe. Kabla ya mfuko kulipa hata mara moja, mwanachama ajibu karatasi ya maswali 9 mbele ya mjumbe mmoja wa kamati na mama mchuaji. Jibu moja la ndiyo linatosha: mfuko utoe nauli na fedha ya picha siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao na bila kungoja kulazwa. Asiye na dalili alipiwe kuchuliwa mara 6. Kama baada ya hapo hajapata nafuu, naye aende akapimwe. Na mama mchuaji akisema "huu si wa mikono yangu," neno lake liwe amri kwa kamati.

Kuna wanachama watakaouliza fedha itatoka wapi. Ni swali la haki. Tumepiga hesabu na mweka hazina: tukiongeza mchango wa mfuko kutoka shilingi 500 hadi 700 kwa wiki tutaweza. Najua, najua, wengine mmeguna. Gunieni sasa ili msigune wakati wa kura.

Karatasi ya maswali iko mezani kwa katibu, imeandikwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya wale wenye macho ya jioni kama sisi. Mwenzetu ndiye aliyeipitia na kupanga maswali yake. Sisi tulikuwa tumeanza na swali la kuanguka au kugongwa, yeye alilishusha chini, akaweka la kwanza: "Je, jioni unapata homa?"